Kunoa Picha za Kidijitali: Hatua kwa Hatua, kwa GIMP na kwa Simu

Maswali ni yaleyale kila wiki. Picha imetoka na ukungu, naifanyaje? Kwenye simu inaonekana safi, mbona nikiichapisha inalegea? Nimesukuma Sharpening hadi mwisho, kwa nini uso wa mama umekuwa kama umemwagiwa mchanga? Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa naandika mara moja, kwa utaratibu, ili ukikwama urudi usome hatua uliyofikia.

Nitatumia neno kunoa, na nimelichagua makusudi. Kisu kikinolewa hakiongezewi chuma. Makali yaliyokuwemo ndiyo yanayotokeza. Picha nayo ni hivyohivyo: ukinoa unatokeza kile ambacho lenzi ilikidaka. Ambacho haikukidaka, hakimo.

Nadharia ni fupi. Picha ninayofundishia ni ya shangazi yangu, amekaa barazani Mji Mkongwe, Zanzibar, nyuma yake mlango wa nakshi wenye misumari mikubwa ya shaba, naye amejitanda kanga. Nikinoa, programu inatafuta kingo, yaani pale giza linapopakana na mwanga, kwa mfano herufi nyeusi za jina la kanga juu ya kitambaa cheupe. Upande wa giza unatiwa giza kidogo zaidi, upande wa mwanga unaongezewa mwanga kidogo. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ina namba ya mwangaza kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Pikseli ya 60 iliyopakana na ya 180 zinaweza kugeuka 45 na 195. Jicho linaona tofauti imekuwa kubwa, linasoma herufi kwa urahisi zaidi. Hakuna hata uzi mmoja wa kanga ulioongezwa.

Na kwa nini picha ya kidijitali ihitaji kunolewa hata kama fokasi ilikuwa sawasawa? Kwa sababu katika kamera nyingi kila pikseli ya sensa (kile kidaka mwanga kilichomo ndani ya kamera) huona rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na rangi mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani zake. Kukisia huko kunalegeza kingo. Kupunguza ukubwa wa picha kunazilegeza tena.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Faili asili, moja kwa moja kutoka kwenye kamera au simu. Si iliyopita WhatsApp, si picha ya skrini.
- Kompyuta yenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, na menyu ninazotaja hapa ni za toleo la 2.10. Photoshop ina chombo kilekile, Unsharp Mask, ila nguvu yake inaandikwa kwa asilimia. Kama huna kompyuta, kuna sehemu ya Snapseed, programu ya simu, huko chini.
- Jibu la swali moja: picha inaenda wapi? Skrini ya simu, karatasi ya A4 au bango? Usipojua, huwezi kujua unoe kiasi gani.
- Skrini ambayo mwangaza wake haujasukumwa hadi mwisho. Ukifanya kazi juani nje, utanoa kupita kiasi bila kujua.

Kwanza, ijue picha yako inaumwa nini

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo saa nyingi zinapotea bure. Fungua picha, ikuze hadi asilimia 100 (kwenye GIMP bonyeza namba 1 ya kibodi), kisha tazama macho ya mtu, au kitu ulichokusudia kionekane.

Kama macho yamelegea kidogo lakini kope unaweza kuzihesabu, picha ni nzima. Inoe, itapendeza.

Kama macho yamelegea lakini mlango wa nyuma uko wazi hadi kichwa cha msumari, fokasi ilikwenda mlangoni. Utaweza kusaidia kidogo tu. Ukilazimisha, utanoa mlango na uso utabaki ulivyo.

Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, taa imekuwa mstari na msumari umekuwa yai, mkono ulitikisika. Kunoa kwa kawaida hakuponyi mtikisiko. Rudia picha kama mtu bado yupo. Safari ijayo shika kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) isiyopungua sekunde 1 ikigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake: lenzi ya milimita 50 piga kwa 1/50 au zaidi, na watu wanaotembea 1/250 ni salama zaidi.

Na kama picha nzima ina ukungu mweupe, taa zimetandaza mwanga kama unatazama kupitia kioo cha jikoni, tazama lenzi ya simu. Mara nyingi ni mafuta ya vidole. Kitambaa laini cha pamba kinatibu ugonjwa huo kuliko programu yoyote, na nasema hivi kwa sababu nusu ya picha ninazoletewa "ninoe" zilihitaji kitambaa tu siku ya kupigwa.

Kazi yenyewe kwenye GIMP

1. Tengeneza kopi. Fungua faili asili, kisha nenda File, Save As, uihifadhi kwa jina jipya kama faili ya GIMP yenye mwisho wa .xcf. Asili isiguswe. Picha iliyokwisha kunolewa ikahifadhiwa kama JPEG hairudi nyuma.

2. Maliza kazi nyingine zote. Mwanga, rangi, kukata pembe, kunyoosha upeo wa bahari uliopinda, yote kabla. Kunoa kunakuja mwisho. Ukinoa kwanza kisha ukaongeza mwanga na kontrasti (tofauti ya giza na mwanga), zile kingo ulizozipima vizuri zinapanda tena bila wewe kutaka.

3. Punguza chenga kama zipo. Picha za usiku na za ukumbini huwa na chengachenga, kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Programu ya kunoa haijui chenga ni uchafu. Kwake kila chembe ni ukingo, nayo itainoa. Nenda Filters, Enhance, Noise Reduction, weka 1 au 2, usizidishe. Picha ya mchana yenye mwanga wa kutosha ruka hatua hii.

4. Weka ukubwa wa mwisho. Image, Scale Image. Kwa mtandaoni, pikseli 1600 hadi 2048 upande mrefu zinatosha. Kwa kuchapisha hesabu pikseli 300 kwa kila inchi: picha ya inchi 4 kwa 6 inataka 1200 kwa 1800, A4 inataka 2480 kwa 3508. Unapopunguza sana, chini ya nusu ya ukubwa wa mwanzo, kwenye Interpolation chagua NoHalo. Onyo: usinoe picha kubwa ya megapikseli 24 kisha ukaipunguza. Kunoa kwako kutamezwa na kupunguza, utashangaa kazi ya saa nzima imekwenda wapi.

5. Rudufu leya, yaani tabaka la picha. Layer, Duplicate Layer. Utafanya kazi kwenye leya ya juu, ya chini ibaki ilivyo. Juu ya orodha ya leya kuna kisanduku cha Mode. Kibadilishe kiwe LCh Lightness. Kwa njia hii unanoa mwanga na giza peke yake, rangi haziguswi, na zile pindo za rangi ya ajabu kando ya kitenge chenye rangi kali hazikui.

6. Ikuze hadi asilimia 100. Si 50, si 67, si "ijae skrini". Kwa asilimia nyingine kompyuta inakuchorea picha iliyokisiwa na macho yako yatakudanganya.

7. Fungua chombo. Filters, Enhance, kisha Sharpen, ile iliyoandikwa Unsharp Mask. Dirisha litakuja na vitelezi vitatu, na GIMP inakufungulia Radius ikiwa 3 na Amount ikiwa 0.5. Hiyo 3 ni kubwa mno kwa picha ya mtandaoni. Usibonyeze OK kwa mazoea.

Hapa nitakaa kidogo, maana vitelezi hivi vitatu ndivyo kazi nzima.

*Radius* ni upana: kunoa kusambae umbali gani kutoka kwenye ukingo. Upana wa 0.6 unagusa nyuzi za kanga na kope. Upana wa 3 unagusa mikunjo ya kitambaa na unaanza kuchora mstari mweupe kuzunguka kichwa. Picha ndogo inataka upana mdogo. Yenye mambo membamba, kama nywele, manyoya, maandishi na nakshi, nayo inataka mdogo.

*Amount* ni nguvu: tofauti iongezwe kiasi gani. Ni kama chumvi. Inayotosha haisemwi, inayozidi kila mtu anaiona.

*Threshold* ni kizingiti: tofauti ndogo kuliko hii usiiguse. Kikiwa 0 kila kitu kinanolewa, hata vinyweleo vya ngozi na chenga za angani. Ukikipandisha kidogo, sehemu tulivu zinaachwa na kingo halisi tu ndizo zinazoguswa.

8. Pima kwa mpangilio huu. Weka nguvu juu makusudi, hata 2, ili uone vizuri kinachotokea. Sasa sogeza upana kutoka 0.3 kwenda juu polepole. Tazama jina la kanga. Pale herufi zinapoonekana wazi na mstari mweupe bado haujajitokeza pembeni yake, simama. Kisha rudisha nguvu chini hadi picha itulie. Mwisho pandisha kizingiti kwa hatua ndogondogo za 0.01 mpaka ngozi ya shavu iache kuchakaa. Kwa picha ya shangazi, yenye pikseli 1600, niliishia upana 0.7, nguvu 0.6, kizingiti 0.02. Zako zitatofautiana, ila anzia hapo.

9. Linganisha. Weka alama kwenye Split view, picha itagawanyika nusu iliyonolewa na nusu ya awali. Inuka, tazama mbali nje ya dirisha kwa dakika moja, rudi. Macho huzoea makali haraka sana, na ukikaa dakika kumi bila kupumzika utadhani picha bado imelegea. Kama ukirudi kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba imenolewa, punguza nguvu. Kisha OK.

10. Chagua wapi panolewe. Hatua hii wanaoanza huiona ya kitaalamu, wanaiacha. Usiiache, hasa kwa picha za watu. Layer, Mask, Add Layer Mask (barakoa inayoficha au kuonyesha sehemu za leya), chagua ile nyeusi. Kunoa kote kutatoweka. Sasa chukua brashi laini, rangi nyeupe, opasiti (uzito wa rangi) 50, upake pale tu unapotaka makali: macho, nyusi, midomo, hina ya mikononi, jina la kanga, misumari ya mlango. Mashavu, paji la uso, ukuta wa chokaa na anga viache. Ukikosea, badili rangi iwe nyeusi upake juu, inafutika.

Nilijifunza hatua hii kwa gharama. Albamu moja ya harusi niliinoa yote kwa mkupuo, picha zaidi ya arobaini, kwa vipimo vya mlango wa nakshi. Mlango ukitendewa hivyo unapendeza. Bibi harusi alionekana kama poda imempasukia usoni, na mama yake alinirudishia albamu bila kusema mengi. Nilizifanya upya zote, uso kwa uso.

11. Toa faili. File, Export As, JPEG, ubora 90. Faili ya .xcf yenye ukubwa wa awali ibaki nayo (usihifadhi juu yake ile uliyoipunguza hatua ya 4), maana wakija kutaka ya A4 hutaanza na ile ya mtandaoni. Utarudi hatua ya 4 uweke ukubwa mpya, kisha unoe upya.

Vipimo vya kuanzia kwa kazi nyingine

Kwa karatasi, nenda zaidi ya pale skrini inapopendeza. Wino husambaa kidogo kwenye karatasi na kulegeza kingo, hivyo upana wa 1 hadi 1.5 na nguvu ya 0.8 hadi 1 kwa pikseli 300 kwa inchi ni kawaida. Skrini itakuonyesha makali yaliyozidi kidogo. Chapisha kipande kidogo cha picha kwanza, sehemu ya uso tu, kabla ya kulipia ukubwa kamili. Karatasi isiyong'aa na turubai vinahitaji zaidi kuliko ya kung'aa.

Nyaraka na maandishi, upana 0.5, nguvu 1, kizingiti 0. Majengo na nakshi vinavumilia nguvu kubwa. Watoto wachanga, mawingu na ukungu wa asubuhi mlimani, noa kidogo sana au acha kabisa. Ukungu uliopigwa kwa uzuri wake hauhitaji kutibiwa.

Kama una simu tu

Simu nyingi hunoa zenyewe unapobonyeza shata, kwa hiyo wewe unaongeza juu ya kunoa kulikokwisha kufanyika. Nenda taratibu.

1. Fungua picha kwenye Snapseed, kisha Tools, kisha Details.
2. Ndani mna viwili: Structure na Sharpening. Structure inatokeza mikunjo na mikwaruzo kila mahali. Inapendeza kwenye mawe na mbao, inazeesha uso wa mtu. Kwa watu iache 0.
3. Kuza picha kwa vidole viwili hadi uone macho vizuri, kisha pandisha Sharpening. Anza na 15. Mara chache utahitaji kuvuka 30.
4. Thibitisha kwa alama ya vema, kisha bonyeza ushikilie picha uone ya awali, achia, linganisha.
5. Kama ngozi imeharibika, ingia View edits, chagua Details, chukua alama ya brashi, upake pale tu unapotaka makali, kama tulivyofanya kwenye GIMP.

Picha ya marehemu iliyotoka WhatsApp

Ombi hili linakuja sana, na linakuja wakati mgumu. Familia ina picha moja tu, ndogo, imetumwa kutoka simu hadi simu, na inatakiwa kubwa ya fremu kesho asubuhi. Kabla ya kunoa chochote, uliza ni nani aliyepiga. Mara nyingi asili ipo kwenye simu ya binamu fulani, ni yenyewe ndiyo itakayookoa kazi. Mwombe aitume kama Document, si kama picha, ili isibanwe njiani.

Kama asili haipo kabisa, chapisha ndogo. Uso uliokaa vizuri kwenye inchi 5 kwa 7 ndani ya fremu yenye mpaka mpana mweupe una heshima kuliko uso uliovutwa hadi A3. Noa kwa upana 0.5 na nguvu ndogo, basi.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazodai kurudisha picha iliyopotea. Zinaweza kusafisha kitambaa na majani ya nyuma. Uso sitaki ziuguse bila familia kujua, kwa sababu pale ambapo hamna taarifa zinabuni: kope, meno, umbo la jicho. Matokeo yanang'aa, lakini anaweza kuwa mtu mwingine, na mjane anayemtazama kwenye fremu atajua. Ukizitumia, weka ya zamani na mpya pamoja, waonyeshe, waamue wenyewe.

Ikigoma

*Mstari mweupe kuzunguka kichwa au kando ya paa.* Upana umezidi. Rudi chini ya 1. Ukibaki, punguza nguvu, au paka nyeusi kwenye barakoa ya leya pale ukingo unapokutana na anga.

*Anga imejaa chenga.* Pandisha kizingiti, au futa kunoa angani kwa brashi nyeusi. Anga haina kitu cha kunoa.

*Vimiraba vimetokea usoni.* JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kunoa kunatokeza mipaka ya vipande hivyo. Faili yako imebanwa mno. Tafuta asili. Ikikosekana, punguza ukubwa wa picha hadi nusu, miraba itafifia, kisha noa kidogo.

*Kitenge chenye vimistari kimeanza kuonyesha mawimbi ya rangi.* Mistari imekuwa myembamba kuliko pikseli zinavyoweza kuibeba. Usinoe kitambaa hicho kabisa, na jaribu ukubwa mwingine kidogo kwenye hatua ya 4.

*Nimenoa lakini sioni tofauti.* Hakikisha unatazama kwa asilimia 100, na kwamba barakoa nyeusi hujaisahau bila kuipaka nyeupe. Mara nyingi ni hiyo ya pili.

*Kwenye kompyuta ni safi, nikiweka Status inalegea.* WhatsApp inapunguza ukubwa na kubana upya, hivyo kunoa kwako kunamezwa. Punguza wewe mwenyewe hadi pikseli 1600 upande mrefu, noa kwa ukubwa huo, ndipo uitume. Kwa mtu mmoja mmoja, tuma kwa HD au kama Document.

*Studio imechapisha, makali yamezidi kuliko nilivyoweka.* Mashine nyingi za studio zinanoa zenyewe kabla ya kuchapisha. Mwambie fundi azime marekebisho ya moja kwa moja kwa faili zako, na umwombe kipande cha majaribio kabla hajaendelea na zilizobaki.